Falseto au Sauti Kamili? Mwongozo wa Kuzitofautisha kwa Sikio, kwa Pumzi na kwa Koo

Katika mazoezi ya uimbaji ubishi huu haukosekani: mwanamume kapanda noti ya juu, nusu ya waliopo wanasema ni falseto, ile sauti nyembamba na laini, nusu wanasema ni sauti yake halisi, yaani sauti kamili. Mara nyingi pande zote mbili zinapima kwa urefu wa noti, yaani iko juu kiasi gani, na urefu huo hauamui kitu. Chukua mi iliyo juu ya do ya kati ya kinanda. Mwanamume yule yule anaweza kuiimba kwa falseto, kisha akairudia kwa sauti kamili, na kinanda kikazikubali zote mbili. Tuni haijabadilika. Kilichobadilika ni namna nyuzi za sauti zinavyofanya kazi kooni, na kazi hiyo huacha alama zinazosikika.

Tuanze na koo lenyewe, kwa sababu kila jaribio lililomo humu linatokana nalo. Ukishajua kinachotendeka huko ndani, unaweza hata kujibunia majaribio yako.

Kinachotokea kooni

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili laini iliyolala ndani ya kikoromeo. Hewa inapopita katikati yake, mikunjo hiyo hutengana na kukutana tena kwa kasi kubwa: kama mara 262 kwa sekunde ukiimba do ya kati, mara 440 ukiimba la iliyo juu yake.

Umbo la nyuzi hizo linatawaliwa hasa na misuli ya aina mbili. Wa kwanza umo ndani ya uzi wenyewe. Ukikaza, uzi hufupika na kunenepa. Wa pili uko nje, upande wa mbele wa kikoromeo. Ukikaza, huuvuta uzi ukarefuka na kuwa mwembamba. Katika sauti kamili yote miwili iko kazini. Hata unapopanda na ule wa nje ukizidi kuvuta, ule wa ndani bado haujaachia. Uzi hutetema kwa unene wake, na katika kila mtetemo nyuzi hukutana na kubaki zimefunga kwa muda, aghalabu karibu nusu ya mtetemo huo.

Katika falseto msuli wa ndani umelegea. Uzi umevutwa, umekuwa mwembamba, na kinachotetema ni ukingo tu, kama pazia ambalo upepo unachezesha upindo wake huku kitambaa kingine kimetulia. Nyuzi hugusana kwa muda mfupi sana, au hazigusani kabisa.

Hapo ndipo zinapotoka tofauti zote utakazozisikia. Kwa kuwa nyuzi hazifungi vizuri, hewa nyingi hupita bila kugeuka sauti, kwa hiyo pumzi huisha mapema. Kwa kuwa hazikutani kwa nguvu, hamoniki, yaani zile sauti ndogo za juu zinazoambatana na kila noti na kuipa ukali na mng'ao, zinakuwa dhaifu. Sauti inabaki laini, ya mviringo, inayokaribia filimbi. Na kwa kuwa kutoka hali moja kwenda nyingine ni msuli kuachia au kushika, mabadiliko hayo hupenda kuja kwa mruko.

Mwalimu wa uimbaji Manuel García ndiye aliyeliweka jambo hili mahali pake katika karne ya 19. Kwake, rejista ni mfululizo wa noti zinazofanana kwa sababu zinatoka katika utaratibu mmoja wa koo. Baadaye alitumia kioo kidogo kutazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, na mwaka 1855 maelezo ya alichokiona yakawasilishwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi huko London. Kwa hiyo unapouliza "hii ni falseto?" unauliza koo linafanya nini. Huulizi noti iko wapi.

Alama za kutupa kwanza

Urefu wa noti tumeshautupa. Tupa pia upole. Sauti kamili inaweza kuimbwa kwa upole kiasi cha kumbembeleza mtoto, na falseto iliyozoezwa inaweza kujaza ukumbi.

Tupa, au angalau usikitegemee, kile unachokihisi mwilini. Majina "sauti ya kifua" na "sauti ya kichwa" yametokana na mahali waimbaji wanapohisi mtetemo, lakini sauti zote hutengenezwa sehemu moja, kikoromeoni. Mtu anayeimba juu kwa sauti kamili huhisi mtetemo usoni na nyuma ya pua vilevile, akadhani ameshahamia falseto ilhali hajahama. Hisia ni nzuri kwa kukumbuka njia ukishaijua, lakini ni shahidi dhaifu wakati bado unaitafuta.

Na vibrato, ule mtikisiko wa noti iliyoshikiliwa? Upo kote kote. Hausaidii chochote hapa.

Hatua ya 1: Andaa koo na vifaa

Usifanye majaribio haya ukiwa umetoka tu kitandani au una mafua. Nyuzi zilizovimba hazifungi vizuri hata katika sauti kamili, na utajihukumu vibaya. Pasha sauti kwa dakika tano hivi: vuma kwa mdomo uliofungwa, tetemesha midomo huku ukipanda na kushuka, kunywa maji.

Vifaa ni viwili: kitu cha kukupa noti (kinanda, gitaa au programu ya simu) na simu ya kurekodia. Iweke simu umbali wa mkono au zaidi, wala usiisogeze kati ya jaribio na jaribio. Kurekodi si anasa. Unapoimba unajisikia kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, na kwa njia hiyo falseto huonekana nene kuliko ilivyo kwa msikilizaji.

Hatua ya 2: Zipate ncha mbili zisizo na ubishi

Kabla ya kutofautisha katikati, jua miisho. Kwa sauti kamili, hesabu moja hadi tano kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, kisha ita mtu aliye mbali: "Wee!" Hiyo ndiyo sauti kamili, maana karibu kila mtu huzungumza kwa utaratibu huo.

Kwa falseto, mwigize bundi: "huu, huu", juu, laini, bila kusukuma. Au zungumza kama kikatuni cha mtoto mdogo. Mwanamume ambaye hajawahi kuitafuta falseto yake huipata hapo mara moja, na huwa anacheka.

Rekodi zote mbili. Hizi ndizo sampuli utakazorudi kuzisikiliza ukipotea.

Hatua ya 3: Tafuta noti ambayo sauti zote mbili zinaifikia

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na bila hiyo kulinganisha hakuna maana. Ukilinganisha falseto ya juu sana na sauti kamili ya chini sana, unachosikia ni tofauti ya noti, si ya utaratibu wa koo. Lazima noti iwe moja.

Kwa wanaume wengi eneo la kukutana liko juu kidogo ya do ya kati. Besi, mwenye sauti nzito kuliko wote, aanze kutafuta karibu na la iliyo chini ya hiyo do, baritoni, mwenye sauti ya kati, kati ya do na mi, tenori, mwenye sauti ya juu, kati ya mi na so, yaani takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 330 hadi 390. Anza na sauti ya kuita, panda nusu hatua kwa nusu hatua hadi unapohisi kazi imeongezeka lakini hujaanza kukaba. Noti hiyo iimbe kwa "a". Pumzika. Sasa iimbe kwa sauti ya bundi. Ukiipata mara mbili kwa sura mbili tofauti, hiyo ndiyo noti yako ya mazoezi.

Ukikuta unaipata kwa sura moja tu, shuka noti moja au mbili. Usilazimishe.

Hatua ya 4: Jaribio la kukuza sauti

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Shika ile noti ya mazoezi kwa upole kabisa, kwa irabu "o" au "a". Bila kubadilisha tuni, ikuze taratibu kwa sekunde tano au sita mpaka iwe kubwa, kisha ipunguze tena.

Sauti kamili, hata ikiwa nyepesi namna gani, hukua kwa mstari mmoja. Inaanza ndogo, inanenepa, inapata ukali fulani wa chuma, inajaa. Hakuna mahali utakapoweka kidole na kusema "hapa imegeuka".

Falseto hufanya mojawapo ya mambo matatu. Hugonga dari: unaongeza pumzi, lakini kinachoongezeka ni mvumo wa hewa. Au tuni inapanda kidogo, kwa sababu unasukuma hewa kwenye uzi ambao hauna cha kushikia. Au, na hili ndilo jibu lililo wazi kuliko yote, inakatika na kurukia sauti kamili kwa ghafla.

Ninaliamini jaribio hili kuliko mengine kwa sababu linauliza swali lenyewe: je, msuli wa ndani umo kazini? Ukubwa wa sauti unategemea nyuzi kukutana kwa nguvu, na kukutana kwa nguvu kunahitaji unene. Mtu anaweza kuigiza rangi ya sauti akamdanganya msikilizaji, lakini kuigiza ukuaji huu ni vigumu. Mwimbaji mzoefu sana anaweza kupita kutoka falseto hadi sauti kamili bila mruko dhahiri. Huo ni ufundi wa miaka. Hata hapo, rekodi ikisikilizwa polepole mara nyingi huonyesha kutetereka kidogo mahali pa kuvukia.

Lifanye pia kinyumenyume. Anza kwa sauti kubwa kamili, punguza, punguza, na sikiliza ni wapi inapoponyoka na kuwa falseto. Wengi hugundua kwamba kile walichokiita "sauti yangu ya upole" ni falseto, na kwamba sauti kamili ya upole hawajawahi kuizoeza. Ni ugunduzi unaoudhi kidogo, ila una faida.

Hatua ya 5: Majaribio ya kuthibitisha

Jaribio moja linaweza kudanganya. Chagua mawili au matatu kati ya haya kuunga mkono lile la kukuza.

Kushuka ndilo rahisi zaidi. Anzia juu kwa sauti unayoitilia shaka, ushuke ngazi, do ti la so fa mi re do, ukijikataza kubadili rangi ya sauti. Falseto inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyoshuka, na ikikaribia kimo cha mazungumzo (kwa wanaume wazima ni kama hezi 85 hadi 180) hugeuka mnong'ono au hufa kabisa. Sauti kamili ikishuka hutua kwenye mazungumzo yenyewe. Ukifika chini unaweza kuendelea na maneno ya kawaida bila kubadilisha kitu.

Pumzi nayo husema. Vuta hewa kwa kiasi kile kile, shika noti ya mazoezi kwa falseto hadi iishe, hesabu sekunde. Pumzika, rudia kwa sauti kamili kwa ukubwa unaolingana. Kwa mtu asiyezoeza falseto tofauti ni kubwa na haihitaji saa. Kwa aliyeizoeza tofauti hupungua, hivyo usilifanye hili kuwa hakimu.

Mwanzo wa noti: imba "a, a, a, a" fupi fupi zilizokatwa, bila kuweka "h" mbele. Sauti kamili huanza kwa mguso mdogo safi, falseto hupenda kugeuka "ha, ha, ha" hata ukijizuia.

Mkwaruzo ni jaribio ninalolipenda, ingawa si la kila mtu. Toa ile sauti ya chini ya kukwaruza, ya mtu anayejibu akiwa nusu usingizini. Katika mkwaruzo nyuzi ni fupi na zimelegea. Kutoka hapo teleza taratibu uingie kwenye noti. Ukiingia kwa mteremko usio na ngazi, uko kwenye sauti kamili. Ukilazimika kuruka ili uipate sauti unayoitafuta, unayoitafuta ni falseto. Usilirudierudie, na koo likianza kukauka liache.

Mwisho, sema maneno. Shika kimo cha noti na utamke sentensi yenye konsonanti nzito: "baba dada gogo". Katika sauti kamili maneno yana uzito na mtu wa chumba cha pili anayasikia. Katika falseto konsonanti zinaelea na irabu "a" hupenda kujifunga kuelekea "o" au "u".

Hatua ya 6: Tazama sauti kwa macho

Zipo programu za simu na kompyuta zinazochora sauti, ambapo mistari ya mlalo huonyesha noti na hamoniki zake zikipandana kuelekea juu. Imba noti ya mazoezi kwa njia zote mbili mbele ya simu ambayo haijasogezwa. Kwa falseto utaona mstari wa chini mnene, mmoja au miwili juu yake, kisha ukungu wa hewa. Kwa sauti kamili mistari hupanda mingi na iliyo wazi. Kwa mwimbaji wa opera aliyefunzwa kutakuwa na kundi lenye nguvu karibu na hezi 3,000, ambalo ndilo humwezesha kusikika juu ya okestra bila kipaza sauti.

Picha hii ni msaada kwa mtu asiyeamini sikio lake. Ila usiitumie kwa nyimbo zilizokwisha kuchanganywa studio, maana ala nyingine zinachafua mchoro wote.

Kumsikiliza mtu mwingine

Hapa huwezi kumwomba akuze noti au ashuke. Una rekodi tu, na rekodi ni mwongo mzuri. Kipaza sauti kilicho karibu na mdomo huifanya falseto nyepesi isikike kubwa, studio hubana tofauti za ukubwa, na mwangwi unaongezwa juu yake. Kwa hiyo usisikilize ukubwa. Sikiliza mipaka: noti inaanzaje, inaishaje, na mwimbaji anavukaje kutoka mstari wa chini kwenda wa juu. Kama kuna kikatiko kidogo kati ya silabi mbili na baada yake sauti imepoteza uzito, amehamia falseto.

Zoeza sikio kwa watu wasio na utata. Barry Gibb wa Bee Gees katika nyimbo zao za disko za mwisho wa miaka ya 1970, na Philip Bailey wa Earth, Wind & Fire, ni falseto iliyo wazi. Tenori wa opera Luciano Pavarotti akishika do ya juu, kama hezi 523, ni sauti kamili. Do hiyo ina historia yake: tenori Gilbert Duprez alipoiimba kwa sauti kamili jukwaani Paris mwaka 1837, hadhira ilikuwa imezoea kuisikia kwa tenori ikiguswa kwa sauti nyepesi zaidi. Tangu hapo wapenzi wa opera wanamdai tenori do ya kifua, yaani ya sauti kamili.

Zinapokuchanganya

Kuna sauti tatu zinazowashinda hata wenye masikio makali.

Ya kwanza ni sauti kamili yenye hewa. Waimbaji wa mtindo wa kunong'ona huruhusu hewa kwa makusudi huku wakiwa chini kabisa, karibu na kimo cha mazungumzo. Ni laini, ina pumzi, lakini si falseto. Jaribio la kushuka linaiumbua, kwa sababu haina pa kufia.

Ya pili ni falseto iliyoimarishwa. Wanaume wanaoimba sehemu za alto (za juu kuliko tenori) katika muziki wa kale, kama alivyokuwa Alfred Deller, huzoeza falseto mpaka nyuzi zifunge vizuri. Pumzi yao haiishi mapema, noti zao huanza safi, zinang'aa. Ukitumia alama za pumzi na mwanzo wa noti peke yake utasema ni sauti kamili. Mpaka unaonekana wanaposhuka chini sana na kulazimika kubadilisha utaratibu.

Ya tatu ni sauti mseto, na hapa walimu wenyewe hawaelewani. Ninavyoona mimi, katika hali nyingi inayoitwa mseto na wanaume ni sauti kamili iliyopunguzwa uzito: msuli wa ndani umeachia sehemu, haujaachia wote. Jaribio la kukuza linatosha. Ikikua bila kuruka, ihesabu upande wa sauti kamili na usipoteze jioni nzima kubishana na jina.

Wanawake na vijana

Wanawake wana utaratibu huo huo wa aina mbili, na eneo la kuvukia liko karibu na lile la wanaume, juu kidogo ya do ya kati. Tofauti ni kwamba kwa mwanamke noti nyingi za kuimbia ziko juu ya eneo hilo. Soprano, mwanamke mwenye sauti ya juu, wa muziki wa kanisani au opera hutumia utaratibu mwembamba karibu wimbo wote, na nyuzi zake kwa kawaida hufunga vizuri zaidi humo, hivyo sauti husikika imejaa. Walimu wengi huiita sauti ya kichwa na neno falseto wanawaachia wanaume. Kwa hiyo mwanamke ajiulize: hapa niko kifuani au kichwani? Majaribio ni yale yale, hasa la kukuza na la kushuka.

Kijana wa kiume anayebaleghe asipewe jina lolote kwa sasa. Kikoromeo kinakua, sauti inashuka kwa karibu oktavu nzima (kutoka do hadi do ya chini yake), na noti iliyokuwa sauti kamili mwezi uliopita inaweza kuwa falseto mwezi huu. Mwache aimbe eneo linalomkaa, mpime tena sauti ikitulia.

Kwa mtu mzima, mruko unaotokea katika mazungumzo ya kawaida, noti za katikati zinazokataa kutoka, au sauti kamili iliyopotea ikabaki nyembamba yenye hewa, si suala la rejista. Sauti ikikaa imekwaruza zaidi ya wiki 3, mwone daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi kwa kamera kabla ya kurudi kwenye mazoezi.